Dole la Bibi Mwaija

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
10 Februari 1974

Bibi yangu Mwaija,

Shikamoo. (Mashavu, hapa msubiri Bibi aitikie ndipo uendelee kumsomea. Na kabla hujaendelea, rudisha mlango. Haya ni ya wanawake.)

Mimi ni mzima wa kutembea, ila kamba yangu haina fundo tangu Novemba. Ile kamba ya katani uliyoisokota siku ya kunitoa ndani, ukaikata vipande viwili, kimoja chako kimoja changu. Ulisema kila nikiingia mwezini nifunge fundo, nikuletee habari popote nilipo, nawe ufunge la kwako, kwa sababu kungwi asiyejua mwezi wa mwali wake hana kazi. Tangu mama afariki wewe umekuwa mama na kungwi pamoja, na sijawahi kukuruka hata mwezi mmoja. Sasa Desemba nilingoja, Januari nikangoja, na leo bado nangoja.

Sijalala na mwanamume, Bibi. Naliandika waziwazi kwa kuwa najua utaliuliza, na wewe sijawahi kukudanganya.

Siku za kufua hapa bwenini ndipo tunaambiana ukweli, kumbe wenye matatizo ni wengi. Msichana mmoja wa Bukoba anaingia mwezini kila baada ya wiki mbili, anatembea na sweta kiunoni jua likiwaka. Mwingine tumbo humlaza sakafuni siku tatu, na mwalimu wake amemwandika kuwa mtoro. Mmoja amemaliza miezi saba hajaona kitu na anasema anashukuru, amepumzika. Hakuna anayekwenda kwa daktari. Msichana akionekana tu kwenye benchi la daktari, jioni yake ana mimba vinywani mwa watu.

Kwangu mimi nadhani ni masomo na mawazo. Nalala kidogo, na chakula hakipiti tangu niliposikia mmehamishiwa kijiji kipya na mvua haikunyesha. Nikiona wali nakuona wewe na maembe mabichi ya kuchemsha. Ile sketi uliyonishonea sasa naibana kwa pini.

Niambie nifanye nini. Hata kama huna dawa, nataka neno lako.

Mwali wako,
Zamda


Kijiji cha Kwedizandu,
Handeni
3 Machi 1974

Kwa Ndugu Zamda,

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 10 FEBRUARI 1974

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi bibi yako mzaa mama nimesomewa barua yako na kuielewa, na nimesikitika sana. Miezi mitatu bila kuona siku ni mimba, na kila mimba ina mwenyewe. Unatakiwa umtaje kwa jina.

Mashavu hayupo. Aliolewa upande wa Kwamsisi wakati wa kuhama, hivyo barua zako zote zipitie ofisi ya kijiji, zitasomwa na Katibu. Kamba yako ipo pale pale juu ya kitanda.

Yupo mtu mwenye heshima zake hapa kijijini aliyewahi kukuposa akakataliwa kwa kisingizio cha masomo. Pamoja na hayo yote, yuko tayari kukusitiri. Tafakari.

Nakutakia kazi njema.

(Dole gumba) Mwaija binti Mhina

Imeandikwa kwa niaba yake na S. Sadala, Katibu wa Kijiji.


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
21 Machi 1974

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne nikikutafuta humo ndani. Nimekukuta kwenye kamba tu.

Kwa ajili yako nimekwenda kwa daktari, nikakaa kwenye lile benchi mbele ya macho ya watu wote. Amenipima. Sina mimba. Amesema mwili wa msichana ukikosa usingizi, ukakosa chakula, na moyo ukawa na mashaka, siku zake huruka, au huja ovyo, au hukatika kabisa, na si dalili kwamba hatazaa. Amesema nile, nilale, nirudi baada ya miezi miwili. Ameniandikia cheti. Ningekuwa na hatia nisingekwenda kujipeleka mwenyewe.

Naomba uniandikie tena, maneno yako yale unayosema ukiwa unapepeta.

Na wewe Ndugu Katibu, kwa kuwa najua ndiye unayesoma, msomee yote, usiruke. Huyo mtu mwenye heshima zake namfahamu, ni wewe. Bibi alikukatalia mbele ya shangazi zangu, ukatoka bila kumaliza uji. Jibu halijabadilika. Una mke, Swaumu, naye ni mwanamke mzima kukuzidi.

Mwali wako,
Zamda


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
4 Mei 1974

Rosina mwenzangu,

Nimefukuzwa chuoni na dole gumba.

Jana mlezi wa wanafunzi aliniita ofisini. Mezani aliweka karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu yangu ya kuingilia chuo, ambayo Bibi alitia dole kama mdhamini wangu. Ya pili ni barua mpya yenye mhuri wa kijiji chetu. Inasema: mjukuu wangu Zamda ana mimba kwa maneno yake mwenyewe, nimeshampatia mume, namwondoa chuoni arudi nyumbani mara moja.

Nikatoa cheti cha daktari. Akakisoma, akasema habari ya mimba yeye anamwamini daktari, ila mdhamini akiondoa mkono wake hakuna wa kunibeba. Nafasi yangu itaningoja mpaka tarehe 30 Juni mwakani. Nikileta barua ya mdhamini huyo huyo ya kuifuta hii, yenye mhuri huo huo, narudi darasani. Nisipoileta, jina linafutwa. Ile barua ilikuja na nakala yake, kama za serikali zinavyokuja, na hiyo nakala akanipa.

Nimeitazama mpaka macho yameuma. Kalamu ni ya Sadala, katibu wa kijiji, yule aliyenitaka niwe mke wa pili. Hilo halinishangazi. Lakini dole ni la Bibi, Rosina. Unakumbuka lile kovu la panga linalokata kidole chake cha gumba katikati? Limetoka kwenye wino wazi kabisa, kwenye fomu na kwenye barua. Na Bibi yangu si mtu wa kushikwa kidole kwa nguvu. Alimkatalia Sadala mbele ya ukoo mzima. Akitia dole, ametaka.

Nimewaza nikapata sababu. Mwaka huu wa njaa Sadala ndiye anayegawa unga wa njano. Bibi amechoka na maembe mabichi. Nilimpa siri ya mwili wangu, akaibadilisha kwa unga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siwezi kulia. Nina hasira mpaka meno yananiuma. Nataka aumie kama nilivyoumia pale ofisini, huku karani wa nje akinitazama tumbo. Nataka siku moja anihitaji nisiwepo.

Niambie kama kwenu kuna mahali pa kulala.

Zamda


Zahanati ya shamba la katani,
Mazinde, Korogwe
15 Mei 1974

We Zamda,

Unauliza kama kuna mahali pa kulala, kana kwamba hujalala kitanda kimoja na mimi miaka minne pale shuleni ukinipiga mateke. Njoo. Nina chumba changu hapa kambini kwa kuwa nafunga vidonda zahanati, na karani wa shamba anatafuta mtu wa kumsaidia kuandika. Nyumbani usiende. Ukishuka Handeni tu utamkuta shehe ameshakaa kwenye mkeka anakungoja.

Nimesoma habari ya siku zako nikacheka kwa uchungu. Wiki hii peke yake wake wa wakata mkonge sita wamekuja hapa kwangu, kila mmoja anasema hajaona siku zake tangu mwaka mpya, na kila mume anadai ana mimba. Bwana mganga amewapima wote. Hakuna hata mmoja. Ni njaa, Zamda. Mwili usio na cha kula hauna cha kumwaga. Ungekuwa na mimi ningekwambia hivyo nawe usingeandika barua yoyote.

Sasa sikiliza mtoto wa manamba anavyofikiri. Baba yangu alitoka kwao Songea kwa sababu aliweka dole kwenye karatasi ambayo alisomewa vingine. Bibi yako hajui kusoma. Mimi kama ni kulipa ningeanza na aliyeshika kalamu. Lakini aliyeng'atwa ni wewe, wewe ndiye unayejua jino lilipoingia, na ukimchukia yeye nitamchukia pamoja nawe mpaka utakaponiambia basi.

Njoo na blanketi. La kwangu ni dogo na mateke yako nayajua.

Rosina


Mazinde
1 Julai 1974

Bibi Mwaija,

Hii ni barua ya kwanza nakuandikia bila shikamoo, na ni makusudi.

Niko Mazinde kwenye shamba la katani, naandika majina ya watu waliokuja kazini na wasiokuja. Wenzangu leo wanaanza mwaka wa pili. Bahasha hii inatoka mahali uliponitupa.

Ulinikalisha ndani ukanifundisha kwamba siri ya mwanamke ikishatoka nje hairudi. Ulinipigia magoti, mtu mzima, ukaniapia kwamba ya kwangu itaishia kwako. Mimi nikaamini. Nikakuletea mwezi wangu kila mwezi, na mwezi ulipokatika nikakuletea hilo nalo. Wewe ukalichukua ukaligonga mhuri ukalituma kwa wanaume.

Kamba yangu hii hapa ndani. Nimeikata katikati kwa wembe. Kila fundo unaloliona ni siku niliyokwambia kweli, sasa kaa nayo, uyahesabu mwenyewe. Ukiugua usinitafute. Ukifa wasinitumie habari, niache niambiwe na watu baki njiani. Na siku utakayotaka mkono wa kukushika kwenda msalani, ukumbuke mkono wako ulivyonifanya mimi.

Anayekusomea akusomee neno kwa neno.

Zamda, asiye na kungwi


Kwedizandu
20 Aprili 1975

Zamda,

Marahaba. Hukuniamkia lakini naitikia.

Kalamu hii nimeishika mwenyewe. Hakuna mtu kwa niaba. Mistari inapanda mlima, nivumilie. Nimeandika siku tano.

Barua yako ya Julai Sadala aliisoma hivi. Alisema unanisalimu, umenenepa, utakuja baada ya mavuno kuolewa naye, na umenitumia kamba niitunze. Nikaishika ile kamba. Imekatwa kwa wembe. Mtu hakati kwa wembe kitu anachotaka kitunzwe. Karatasi ilisema furaha na kamba ilisema hasira, na kamba niliisokota mimi, naijua. Nikamshukuru Sadala, nikachukua unga wangu, nikaenda zangu.

Ningeweza kumpa mtu mwingine anisomee. Sikutaka. Nilishafanya kosa moja la kumpa mwanamume siri ya mwali wangu kwa kuwa Mashavu alikuwa ameondoka. Kosa la pili lingekuwa langu kabisa. Kesho yake nikaenda darasa la watu wazima kwa mwalimu Ernesti, nikakaa mbele na vikongwe wenzangu. Kila jioni nilitoa barua yako ya Julai kwenye mkebe nikatafuta herufi nilizofundishwa. Neno la kwanza nililoliweza lilikuwa "kamba". La pili lilikuwa "ukifa". Nilikaa nalo siku nyingi hilo.

Sasa nimezisoma zote. Nisikilize na wewe.

Barua yako ya kwanza Sadala alinisomea vizuri mpaka mwisho. Nikamwambia aandike hivi: Zamda, usiogope. Nilipokuwa msichana ilikuja njaa kubwa, na wanawake wa kijiji kizima tulikatika mwezi. Mama yangu, shangazi zangu, mimi, wote. Hakuna aliyekuwa na mimba, hata mbuzi hawakuzaa. Mvua iliporudi na mwezi ulirudi. Kula, mwanangu. Hayo ndiyo niliyosema. Sijui aliandika nini, kwa kuwa barua yake unayo wewe.

Ya pili akasema unaumwa, na kwamba tumwandikie daktari wa chuo akuangalie vizuri. Nilitia dole mara mbili. Nilifurahi. Nilimpa na kuku.

Kama ile karatasi ipo, nitumie niisome mwenyewe. Pitishia dukani, si ofisini.

Mwaija


Mazinde
3 Mei 1975

Bibi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, ile ya Julai.

Rosina amenisomea barua yako kwa sauti kwa kuwa mimi nilishindwa katikati. Alipomaliza akasema, "Hata kuku alimla." Ndipo nikalia. Mwaka mzima nimekuchukia wewe. Nilipokuwa nalala nilikuwa nakutakia mabaya kwa jina lako lote, na wewe ulikuwa umekaa na vikongwe unajifunza kusoma matusi yangu. Sijui naombaje radhi kwa hilo na sitajaribu kwenye karatasi.

Ndani ya bahasha hii iko ile nakala yenye dole lako, pamoja na ile barua ya Machi. Soma ukiwa umekaa. Chuo kinaningoja mpaka tarehe 30 Juni, na ili nirudi inatakiwa barua yako ya kuifuta hii, na lazima iwe na mhuri. Mhuri uko kwenye meza ya Sadala. Siku hamsini na nane zimebaki, Bibi. Baada ya hapo ni hapa hapa katanini.

Nilikuwa naomba mambo mengi kwa Mungu. Sasa naomba moja. Nakitaka kidole cha Sadala. Kile cha gumba. Kikate unitumie kwenye bahasha. Rosina anacheka lakini mimi sitanii. Ametumia cha kwako kunizika, na mimi nakitaka cha kwake.

Siku zangu zilirudi Septemba, zikaruka Oktoba na Novemba, zikarudi, zikaruka. Bado hazijanyooka. Bwana mganga wa hapa anasema hazitanyooka mpaka moyo utulie. Moyo wangu hautatulia bure.

Zamda


Kwedizandu
15 Juni 1975

Zamda mwali wangu,

Marahaba, zote mbili.

Nilisoma ile karatasi nikiwa nimekaa kama ulivyosema. Kisha nikasimama, nikakaa, nikasimama. Lile kovu nililipata nikikata kuni za kumpikia mama yako uji alipokuwa na mimba yako. Nikaapa kwa hicho kidole.

Ningeweza kumshitaki mbele ya mkutano wa kijiji. Nikafikiri, nikaona haiwezekani. Mambo yako ni ya mwali, hayasemwi mbele ya wanaume. Nikimshitaki hadharani nitakuwa namsaidia kuyatangaza. Na yeye alilijua hilo. Alijua kungwi amefungwa mdomo na kazi yake. Ndiyo maana alikuwa akinipita njiani ananisalimu vizuri kabisa.

Ndipo nikakumbuka darasani tuko wanawake ishirini na mmoja na mwanamume mmoja, mwalimu. Nikawaambia wanawake wote. Wamechezwa unyago wote, siri hiyo ni yao. Jana tukamwomba mwalimu Ernesti atuache kidogo, akatoka. Sadala akaitwa aje aone maendeleo yetu, kwa kuwa wiki ijayo wageni wa elimu wanatoka Handeni kutusikiliza tukisoma. Akaja na kalamu mfukoni. Tukarudisha mlango.

Nikamwambia, "Sadala, umeingia mambo ya mwali. Anayeingia hukalishwa chini kama mwali." Akacheka. Wakamkalisha mkekani, miguu ameinyoosha, khanga kichwani. Hapo hakucheka. Mwali akifundwa hajibu, na kila alipofungua mdomo walimrudishia khanga.

Kisha tukasoma. Kila mwanamke mstari mmoja. Tulianza na yako ya Februari, ile aliyonisomea mwenyewe. Tukaja kwenye yake ya Machi, yah na kichwa cha habari. Tulisoma polepole kwa sababu ndivyo tunavyoweza, herufi kwa herufi, na ilichukua muda mrefu sana. Nilipanga mimi nani asome wapi. Ule mstari wa mtu mwenye heshima zake nilimpa Swaumu, mkewe. Yumo darasani tangu mwaka jana. Aliusoma mpaka mwisho bila kukosea, kisha akamtazama akasema, "Nimeelewa nilichosoma, mwalimu ataniuliza." Sadala akalia chini ya khanga. Mtenda akitendewa huhisi kaonewa.

Tukampa mambo mawili achague. Ama aende Swaumu ofisini akalete mhuri sasa hivi, ama wiki ijayo wageni wakitutaka tusome, tusome ile karatasi yake ya kwenda chuoni, maneno yake, si siri yako, tukisema nani aliyeiandika. Akasema leteni karatasi niandike. Nikamwambia, "Wewe huandiki. Mimi ndiye ninayeandika. Wewe weka dole." Akasema yeye amesoma mpaka darasa la nane, hajawahi kuweka dole maisha yake. Swaumu akamshika mkono, akamchovya kidole kwenye wino.

Tumemwahidi hatutawasomea wageni. Hatujamwahidi kwa miaka mingapi, na akipita nje ya darasa atakuwa anatusikia kila siku tukisoma, hajui tunasoma nini.

Wewe nawe kesi yako ipo. Barua ya Julai nimeiweka kwenye mkebe. Ukipita hapa kwenda chuoni utakaa mbele yangu uisome yote kwa mdomo wako, pamoja na ile ya msalani. Sitakatiza. Ukimaliza nitakupa ugali. Kamba nimeiunga. Fundo la kuungia liko katikati, kubwa, halihesabiki kama mwezi. Miezi yako ikiruka iache iruke, uniandikie hivyo hivyo, nitasoma mwenyewe.

Kidole ulichokitaka kimo ndani ya bahasha hii.

Mwaija


Kijiji cha Kwedizandu,
Handeni
14 Juni 1975

Kwa Mlezi wa Wanafunzi, Chuo Kikuu

YAH: ZAMDA

Mimi Sadala, Katibu wa Kijiji, nasema haya. Barua ya mwaka jana ya kumwondoa Zamda chuoni ilikuwa uongo. Niliitunga mimi. Bibi yake hakuniambia niandike hivyo. Nilimwambia ni barua ya kwenda kwa daktari, naye akatia dole. Zamda hakuwa na mimba. Nilifanya hivyo kwa kuwa nilimposa nikakataliwa. Mdhamini wake hakuondoa mkono wala haondoi. Arudi darasani.

Nimesomewa barua hii na wanawake ishirini na mmoja na nimeielewa.

(Dole gumba) Sadala
(Mhuri wa kijiji)

Imeandikwa kwa niaba yake na Mwaija binti Mhina, mdhamini na kungwi.